Mwaka wa Mtoto Aliyechelewa Kupumua

Mwezi uliopita tulimzika Dokta Mrutu kwao juu mlimani, na tangu siku hiyo nina hasira ndogo ambayo imekataa kuniacha. Si hasira ya kifo, maana mzee alikuwa ameshiba siku na aliondoka akiwa usingizini, kitandani mwake. Hasira yangu ni ya wasifu wa marehemu. Uliposomwa kanisani tulisikia alivyobatizwa, alivyooa, alivyoezeka upya wodi ya wazazi, alivyopigania maji ya bomba mpaka yakafika hospitali, na alivyokuwa mzee wa kanisa. Yote ni kweli. Lakini hakuna aliyesema kwamba mtu huyu alizipenda seli za ubongo kama wenzake wanavyopenda mpira, wala kwamba aliweza kuacha chakula kipoe mbele yake kwa sababu ya kuwaza kitu kisichoonekana kwa macho. Nilikaa kwenye benchi la akina mama, leso mkononi, nikajisemea moyoni: wamemzika fundi bati. Nikashuka Same siku hiyohiyo nikiwa nimeshaamua kwamba kipande kilichosahaulika nitakiandika mimi, kabla hasira haijapoa.

Habari za kwetu, nani alinizaa na nani alinisomesha, nitaziruka. Mwenye hamu nazo aje nyumbani tunywe chai. Ninachotaka kusimulia ni mwaka mmoja tu, mwaka wangu wa kwanza kazini, nilipotoka chuo cha uuguzi na ukunga nikapangiwa hospitali ndogo ya misheni upande wa Shengena. Anayeijua Same ya barabarani tu, yenye upepo, vumbi na joto la kukausha mate, haamini akiambiwa kwamba ukipanda mlima wake unavaa sweta mbili. Kule ukungu ulikuwa unaingia dirishani bila hodi. Nguo ulizofua Jumatatu ulizianua Alhamisi, tena zikiwa na unyevu. Nilipewa chumba kimoja chenye kitanda cha chuma na dirisha lililotazama mteremko wa migomba na kahawa, nikakipenda papo hapo. Nilikuwa msichana mwenye mdomo na maswali mengi, na kwa muda wa wiki mbili tatu za mwanzo nilidhani nimekuja mahali ambapo hakuna jipya la kuuliza.

Chumba cha chakula cha wafanyakazi kilikuwa nyuma ya ofisi ya Dokta, na kati ya vyumba hivyo viwili palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba kiasi kwamba mtu akipiga chafya huku, kule wanasema afya. Tulikula makande. Tulikula makande tena. Jumapili palikuwa na ndizi na nyama, na Jumatatu makande yakarudi kana kwamba yalikwenda tu kanisani. Nami nikila nilikuwa namsikia Dokta kule upande wa pili akizungumza, nikadhani ana mgeni. "Hapana, hapana," alikuwa anasema. "Kama zingekuwa zimekufa kwa njaa ya hewa, zingekufa palepale. Kwa nini zingoje?" Akarudia: "Kwa nini zingoje?" Nilimuuliza Matroni, Mama Kilave, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole na macho yasiyo na upole wowote, Dokta anaongea na nani. "Na masahani yake," alisema. "Yako Ulaya. Kula."

Siku alipokuja kula nasi nilimuuliza mwenyewe. Nafurahi mpaka leo kwamba sikuona haya. Dokta Mrutu alikuwa mrefu, mwembamba, miwani imefungwa plasta upande mmoja, na aliponisikia nikitaja neno masahani aliweka kijiko chini, akanigeukia mwili mzima. Akaeleza kwamba alipokuwa masomoni nje aliwekwa kwenye maabara wanakokuza seli za ubongo wa panya ndani ya visahani vya kioo, na kazi yake ilikuwa kuzinyima oksijeni kisha kuzitazama.

"Namkunda, seli ya ubongo inakufa kwa nini?"

"Kwa kukosa hewa, Dokta."

"Kila mtu anasema hivyo. Mimi nilizinyima hewa kwa muda mfupi, nikazirudishia, na hazikufa. Ukizitazama kwa darubini utaapa hazikuguswa. Halafu nikazitilia glutameti kidogo. Hiyo ni kemikali ambayo seli moja hutumia kumwita mwenzake. Iko kichwani mwako sasa hivi, bila hiyo usingenisikia. Nilizitilia kiasi kidogo, ambacho seli zilizokaa raha mustarehe zilikipokea zikaendelea na shughuli zao. Lakini hizi zilizowahi kukosa hewa zilivimba zikapasuka, moja baada ya nyingine."

"Sasa zimeuawa na nini?"

"Na kuitwa," alisema, na macho yake nyuma ya ile miwani yaling'aa kabisa. "Sauti ileile ya kila siku. Seli ikiitwa inafungua milango, kalsiamu inaingia, kisha lazima iitoe nje na kufunga. Kutoa kunataka nguvu, na nguvu inatoka kwenye hewa na sukari. Iliyowahi kupungukiwa inaonekana nzima, lakini haina akiba. Ukiiita kwa kawaida tu, inafungua na haiwezi kufunga. Inakufa kwa kuchangamshwa, Namkunda, wakati hewa ilisharudi kitambo."

Nilisahau kutafuna. Chuoni nilifundishwa mambo kama amri: hewa ikikosekana, ubongo hufa, andika, geuza ukurasa. Hakuna aliyeniambia kwamba kati ya kukosa hewa na kufa kuna uwazi, na ndani ya huo uwazi seli iko hai, inasubiri, na kinachoiua au kuiponya ni kile kitakachotokea baadaye. Nilitaka kusimama nikimbie mahali. Kumbe hakuwa amemaliza. Aliinama mezani akashusha sauti, kana kwamba Matroni angekwenda kumchongea, akasema kuna jambo lililomnyima usingizi kuliko hilo. Ukizinyima hewa kwa muda mfupi zaidi ya pale, kidogo tu, kisha ukaziacha mpaka kesho yake, zinatoka zikiwa sugu. Unazitilia glutameti nyingi na zinastahimili kuliko zile ambazo hazikuguswa kamwe. Kitu kilekile, kwa kipimo kingine na muda mwingine, kinadhoofisha au kinakomaza, na hakuna aliyejua mpaka uko wapi.

"Kwa hiyo kukosa hewa ni dawa?" niliuliza.

"Namkunda, kula," alisema Matroni kutoka mwisho wa meza.

"Ni dawa kwenye kisahani," alisema Dokta. "Nje ya kisahani hujui uko upande gani wa mpaka. Neno hilo usimwambie mama yeyote, hata kwa utani."

Leo nikiwa nimekaa hapa Same, feni inazunguka juu ya kichwa changu na mbuzi wa jirani wanakula ua wangu, ninajua zaidi ya nilivyojua siku ile. Nimesoma, nimefundisha wauguzi, nimeona hospitali kubwa zenye mashine za kila aina. Lakini sijawahi tena kula makande matamu kama yale ya siku ile, na wala hayakuwa na chumvi ya kutosha. Kilichonishika ni kumwona mtu mzima, daktari, akisema hajui huku amefurahi. Nilikuwa nimelelewa kudhani kwamba kutojua ni aibu. Kuanzia siku hiyo niliposikia sauti nyuma ya ule ukuta nilibeba sahani yangu nikahamia benchi la karibu na mbao.

Kisha akaja Nakijwa. Alikuwa binti wa Bendera, bondeni, aliyeolewa mlimani, na wodi nzima ilimjua kwa sababu mimba zake za kwanza zilikuwa zimeharibika, na hii ilikuwa ya kwanza kufika mwisho. Mumewe alikuwa safarini kikazi. Alikuja na mama mkwe wake, Bibi Debora, mwanamke mfupi mwenye mgongo ulionyooka, aliyezoeleka kanisani kwa kuanzisha pambio kabla mwalimu wa kwaya hajafungua kitabu. Uchungu ulimshika Nakijwa alfajiri, na asubuhi kukiwa kumepambazuka vizuri mtoto alitoka, msichana, kitovu kimemzunguka shingoni, amelegea kama kitambaa. Matroni alikata, akampangusa, akamweka mezani, akaanza kumpulizia hewa kwa mfuko. Mimi nilikuwa nimeweka vidole viwili kwenye kifua kile kidogo nikisikiliza moyo. Nilihisi ule moyo ukienda polepole, polepole, halafu ukaamka. Mtoto akashtuka, akakunja uso, akalia. Bibi Debora, aliyekuwa nje ya mlango, akapiga vigelegele vilivyosikika mpaka jikoni, na wodi yote ikajibu. Hata Matroni alicheka. Dokta alikuwa ameingia wakati huohuo, na hakucheka. Alishika unyayo wa mtoto, akautekenya, akatazama jinsi mguu unavyojikunja.

"Amelia, Dokta," alisema Matroni.

"Amelia, Mungu ashukuriwe. Sasa ndiyo tunaanza."

Hapo ndipo nilipoelewa, na damu ilinisisimka kwa hofu na kwa kitu kingine ambacho nisipokitaja nitakuwa nadanganya: hamu. Yale ya kwenye visahani yalikuwa yamelala mbele yangu, yamefungwa kanga. Mtoto huyu alikosa hewa kwa muda mfupi. Alionekana mzima. Seli zake zilikuwa kwenye ule uwazi, na sisi hatukujua ziko upande gani wa mpaka.

Mchana, tukiwa kwenye chai, maneno yalianza kupita ule ukuta. Ili msomaji ayaelewe, lazima aijue desturi ya mlimani. Kule mzazi na kichanga chake walikaa chumba cha ndani karibu na moto, mlango umefungwa, mtoto kwenye kanga, kisha kitenge, kisha blanketi, na mama akipewa uji wa moto wenye tangawizi mpaka jasho limtoke. Nasi wauguzi tuliiunga mkono desturi hiyo, kwa sababu baridi ya kule inaua vichanga, hasa wadogo. Kila siku ya kliniki tuliwaambia akina mama: mfunike, mfunike. Ilikuwa sahihi. Ndiyo maana yale niliyoyasikia yalinifanya niache chai.

"Miaka yote nimesimama pale nje nasema mfunikeni mtoto," Matroni alikuwa anasema. "Leo niwaambie mfunueni? Neno hilo litashuka mlima lifike Bendera kabla ya jioni. Ikifika Juni tutakuwa tunazika watoto wa watu."

"Sisemi watoto wote. Nasema huyu."

"Dokta, mlimani hakuna huyu. Neno likitoka hapa ni la wote."

"Sitaki apoe, Matroni. Akae kifuani kwa mama yake, shuka moja juu, joto la mtu mwenye afya, basi. Ninachotaka ni asichemke. Joto likizidi, ubongo wake utachangamka, utaitana kuliko kawaida, na huyu hawezi sasa hivi kuitwa kuliko kawaida. Siku hizi mbili tatu tu."

Mwishowe Matroni akasema, kwa ile sauti yake laini, kwamba atakubali kwa huyu, ila nje ya chumba kile lisitoke neno, na akaita jina langu kupitia ukutani bila hata kupaza sauti. Alijua nipo. Nikapewa kazi ya kukaa karibu na mtoto yule: kumpima joto, kuangalia anavyonyonya, na kukaa chonjo kwa dalili yoyote ya degedege.

Kesho yake asubuhi alinyonya vizuri na joto lake lilikuwa la kawaida. Nilitoka kwenda kusaidia wodi ya pili, na niliporudi chumbani kwa Nakijwa nilipokelewa na joto mlangoni kama mtu aliyefungua chungu. Bibi Debora alikuwa amerudi kutoka nyumbani. Alikuwa amewasha jiko la mkaa kule nyuma ya jiko la hospitali, akaliingiza chini ya dirisha, akafunga dirisha, akaziba ufa kwa kitenge, na mtoto alikuwa mapajani mwake ndani ya blanketi zito la sufu, kichwa chenyewe kimevalishwa kofia mbili. Nakijwa alikuwa anatiririka jasho kitandani. Alinitazama tu. Mkamwana hawezi kumwambia mama mkwe atoe moto aliouwasha kwa upendo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mmemwacha mjukuu wangu kwenye ubaridi kama hana watu. Njoo umwone, anacheka na malaika."

Nilisogea. Mdomo wa mtoto ulikuwa unanyonya hewa, pasipo chuchu. Jicho moja lilikuwa limevutwa pembeni limebaki huko. Nilipofungua blanketi, miguu ilikuwa inakwenda kama ya mtu anayeendesha baiskeli, taratibu, bila kukoma, na nilipoishika haikunitii. Ngozi ilikuwa ya moto. Nilimchukua mikononi mwa bibi yake bila kuomba ruhusa, jambo ambalo kwetu halifanywi, nikamwita Dokta kwa sauti iliyofika kotekote. Jiko likatolewa, dirisha likafunguliwa, blanketi likaanguka sakafuni. Dokta alimchoma dawa ya degedege, tukampa glukosi, na mimi nilisimama nimemshika ile miguu nikiisikia inapigapiga kwenye viganja vyangu mpaka ikalegea, ikatulia, ikawa miguu ya mtoto tena. Sikumbuki kama nilipumua.

Bibi Debora alikuwa amesimama ukutani, amenyooka, midomo imebana. Nilimwonea huruma na nilimkasirikia, vyote pamoja. Dokta, maskini, akaamua kumweleza. Ndani ya dakika chache alikuwa ametaja glutameti.

"Huyo ndiye aliyemwingia mtoto?" aliuliza Bibi.

"Hakumwingia, Bibi. Yumo siku zote."

"Siku zote? Tangu tumboni?"

"Tangu tumboni. Hata kwako yumo."

Kama ungetafuta maneno mabaya zaidi ya kumwambia mlokole wa mlimani, usingeyapata. Bibi aliangalia Biblia yake kitandani, akamwangalia Dokta, akasema kwa upole wa kutisha kwamba anashukuru kwa yote, lakini mtoto huyu anakwenda nyumbani leo. Ataombewa, na atakaa motoni kama walivyokaa baba yake na babu yake. Baba wa mtoto hayupo, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa lake na kila mmoja mle chumbani alilijua hilo. Nakijwa alianza kulia bila sauti. Dokta alimtazama mtoto. Nilijua anachokiona, kwa sababu na mimi nilikuwa nakiona: chumba cha ndani, moto, blanketi, ile miguu ikianza tena, na safari hii hakuna wa kuitambua.

Nilimwomba Bibi atoke nje nami tupunge upepo. Sikuwa na mpango wowote. Tulikaa kwenye benchi la nje, na mbele yetu mteremko wote ulikuwa umefunguka, ukungu umepanda. Chini yetu ilionekana ndiva, lile bwawa la udongo ambalo kule wanakingia maji ya kijito yajae usiku, na asubuhi wanalifungulia kwa zamu yaende mashambani kwa mifereji. Watu wawili walikuwa kwenye ukingo wake, wameinamia mlango. Bibi Debora aliacha kunikasirikia kwa muda ili awatazame wanavyofungua, maana shamba lake lilinyweshwa na maji yale na ilionekana hapendi wanavyofanya.

"Wanafungulia yote," alisema.

"Ni vibaya?"

"Si vibaya kama mfereji ni mzima. Lakini juzi kulikuwa na mvua. Kingo zimelowa."

Nilihisi nywele zikinisimama. "Bibi, kingo zikishalowa, kwa macho zinaonekanaje?"

"Zinaonekana nzima."

"Na maji ni yaleyale ya kila siku."

"Yaleyale. Ila yanabomoa."

"Sasa siku kama hizo mnafanya nini?"

"Unafungulia kidogo. Na mtu anasimama pale kuangalia, siku mbili tatu, mpaka ukingo ushike."

Nilimgeukia, nadhani nilimshika na mkono. Nikamwambia, Bibi, kichwani mwa mjukuu wako kuna mifereji. Jana alipochelewa kupumua, kingo zake zilipata udhaifu. Hazikuvunjika. Zinaonekana nzima. Maji ni yale aliyoumbiwa, ndiyo yatakayomfanya akujue na akuite, hakuna pepo hapo. Lakini moto ukizidi, homa ikipanda, ni kama umefungulia ndiva yote. Degedege uliyoiona ni maji yanayovuka ukingo. Hatutaki umwache kwenye baridi. Tunataka afunguliwe kidogo.

Chini kule wale watu walikuwa wamemaliza, na maji yalikuwa yanatelemka kwenye mfereji yakimetameta. Bibi aliyafuata kwa macho mpaka yalipopotea kwenye migomba.

"Kwa hiyo mlikuwa mnataka nisimame pale," alisema.

"Ndiyo, Bibi."

"Mngesema hivyo."

Akasimama. Alirudi chumbani, akamwambia Nakijwa amweke mtoto kifuani, akachukua shuka moja jepesi akawafunika wote wawili, akavuta kiti. Hakuondoka. Alikaa pale na nyuma ya kiganja chake kwenye shingo ya mtoto, na kila alipohisi mabadiliko aliniita nilete kipimajoto, na mara nyingi kiganja hakikukosea sana. Wageni walikuja na mablanketi ya zawadi, naye aliyapokea kwa heshima na kuyakalia. Degedege ilirudi mara moja jioni ile, fupi, akaiona yeye kabla yangu. Haikurudi tena. Dokta alipita kila alipoweza, akisimama mlangoni, na kila mara alimwamkia Bibi shikamoo na kila mara aliitikiwa marahaba moja fupi, ya mtu aliyeko kazini. Matroni alipita pia, akaangalia lile shuka moja, akaangalia korido kama kuna mama mwingine anayeona, akafunga mlango.

Walipokwenda nyumbani furaha yangu ilikuwa nusu. Dokta hakunificha. Alisema inawezekana tulizuia kila kitu, na inawezekana sehemu ilishaharibika kabla na tutaiona baadaye, mtoto atakapotakiwa kukaa, kushika, kusema. Ubongo wa kichanga hautoi majibu siku hiyo. Basi mwaka wote ule niliusubiri kwa kliniki. Mtoto aliitwa Sifa. Alipoletwa mara ya kwanza akinifuata kwa macho, nilimzungukia kushoto na kulia mpaka Nakijwa akacheka. Alipoanza kubeba kichwa, nilikwenda kumtoa Dokta katikati ya chakula aje aone. Sijawahi kufurahia shingo ya mtu kiasi kile, hata ya mchumba wangu wa wakati huo, ambaye alianza kulalamika kwamba barua zangu zinamhusu mtoto wa watu. Nilijifunza kutazama. Nilijua mtoto anavyogeuka, mkono gani unatangulia, kidole gumba kinakaa ndani ya ngumi au nje. Kila nilichokiona nilikipeleka upande wa pili wa ule ukuta wa mbao, naye alikisikiliza kama habari kutoka maabara yake ya zamani.

Siku ambayo tulikuwa tunaingoja ilikuja kipindi cha baridi, kliniki imejaa, akina mama wamepanga foleni barazani na watoto wao wamefungwa mgongoni kama vifurushi vya posta. Sifa alikuwa anakaa mwenyewe sasa, mnene, mwenye hasira za karibu. Dokta alimweka juu ya meza, akakata chembe ya andazi langu bila kuniuliza, akaiweka mbele yake. Chembe ndogo. Mtoto wa umri ule aliye mzima huichukua kwa ncha ya kidole na gumba. Ambaye ubongo wake umeumia huikwangua kwa kiganja kizima, au hajisumbui nayo. Bibi Debora alisimama upande mmoja, Nakijwa upande mwingine, na Matroni alikuwa mlangoni na sindano za chanjo mkononi, akijifanya amepita tu.

Sifa aliitazama chembe. Akanyoosha mkono wa kulia, gumba na kidole vikakutana, akaiokota, akaila. Dokta alichukua chembe nyingine, akashika mkono wa kulia wa mtoto taratibu, akaiweka upande wa kushoto, maana ubongo unaweza kuumia upande mmoja tu. Sifa alikasirika kwanza kwa kushikwa. Alilalamika, akaangalia mama yake, akaangalia dari. Mimi nilikuwa nimeuma mdomo wangu. Kisha mkono wa kushoto ukatoka, ukatulia juu ya meza, vidole viwili vikafunguka, vikafunga, na chembe ikapanda mdomoni. Dokta alivua miwani, akapangusa macho. Alichukua chembe ya tatu akaiweka, na nilipomwambia kwamba kipimo kimekwisha alinijibu kwamba hii si ya kipimo. Shule ingekuja kusema yaliyobaki, na ilipokuja ilisema vizuri. Lakini mimi siku ile nilishajua, na nililia hadharani, mbele ya foleni nzima, nikacheka humohumo.

Nje, mama mmoja kijana aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni alikuwa ameona kila kitu kupitia mlangoni, na alimuuliza Bibi Debora mtoto huyu ana nini mpaka daktari anamlilia. Bibi alimpokea Sifa mezani, akamweka mgongoni, na akasema kwa sauti yake ya kanisani, iliyofika mwisho wa baraza, "Huyu alichelewa kupumua. Tukampunguzia moto." Nilimwona Matroni akifumba macho. Neno lilikuwa limetoka. Mama yule kijana alikuwa ameshaanza kulegeza blanketi la mtoto wake mchanga, na nyuma yake mwingine alikuwa anavua kofia ya wake.

"Wewe," alisema Bibi Debora. "Wako alipozaliwa alilia palepale?"

"Palepale, Bibi."

"Basi mfunike. Huoni kuna baridi?"